Nani Kafa Ujiji?

Nilipomwambia bibi yangu kwamba Jumamosi tungekwenda Ujiji, jambo la kwanza aliloniuliza ni hili: "Nani kafa?"

Nikamwambia hakuna aliyekufa. "Basi kuna harusi." Hakuna harusi. "Unaumwa?" Siumwi. Akaweka chini ungo wa maharage aliokuwa akiyachambua, akanitazama. "Sasa tunakwenda kwa nani, mume wangu?"

Bibi huniita mume wake tangu niko mdogo, ni utani wa bibi na mjukuu, lakini siku hiyo sauti haikuwa ya utani. Alikuwa anataka jibu. Nikamweleza kwamba hatuendi kwa mtu, tunakwenda kupumzika tu. Tutalala gesti usiku mmoja, tutaliangalia ziwa, tutakula migebuka, Jumapili tunarudi.

"Gesti?" akasema. "Mimi na umri huu?"

Msomaji unayeijua nchi hii unaelewa kwa nini alishtuka. Gesti zetu zina sifa zake, na si sifa za kumpeleka bibi. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Mimi ni mwandishi wa habari, naishi Dar es Salaam, na katika kazi yangu nimeshaandika makala sijui ngapi za kuwashauri watu waende wapi wikiendi: Bagamoyo ukaone magofu ya Kaole, Lushoto ukapate baridi, Unguja ukalale Mji Mkongwe kwenye nyumba ya zamani yenye mlango wa nakshi. Miji midogo yenye historia, vyumba vizuri, chai barazani. Ujiji sijawahi kuiandika hata mara moja. Nami nimezaliwa Mwandiga, mwendo usiofika saa moja kutoka pale. Mbaya zaidi, nilikuwa sijawahi kulala Ujiji, wala kwenda bila shughuli.

Mwandiga ni mji wa njia panda. Ukitoka Kigoma mjini, barabara inafika pale halafu inagawanyika: moja inakwenda Kasulu, nyingine inapanda Kalinzi kwenye kahawa mpaka Manyovu, mpakani na Burundi. Sokoni pana mawese, dagaa, maharage na ndizi za milimani. Kila mtu anapita Mwandiga, wachache sana wanakuja Mwandiga. Na sisi wenyewe tukitoka, tunatoka kwa sababu. Msiba, harusi, hospitali, shule, biashara. Bibi yangu amefika Tabora mara mbili, zote kwa misiba. Dar es Salaam amefika mara moja, macho yalikuwa yanamsumbua.

Wakati mwingine tunajiambia kwamba kusafiri kwa ajili ya kupumzika ni mambo ya Wazungu. Mimi siamini. Kiswahili kina maneno yake ya jambo hili, tena ya zamani: kutembea, kupunga upepo, na lile zuri zaidi, mandari, yaani kufungasha chakula na kwenda nje ya mji kula na kustarehe. Watu wasiojua kitu hawakitungii jina. Neno ambalo Wazungu walilichukua kwetu ni safari, na hilo wakaligeuza maana. Ukilisema London leo, mtu anaona magari ya wazi na tembo. Lakini katika karne ya 19, kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyeondoka Bagamoyo, safari ilikuwa ni frasila mbili begani, zaidi ya kilo 30, kwa miezi.

Na mwisho wa safari hiyo, upande huu wa ziwa, ulikuwa Ujiji.

Tulichukua bajaji mpaka Mwanga, halafu daladala. Bibi alikuwa amevaa khanga mpya na amebeba kikapu chenye ndizi, chumvi na kipande cha sabuni, kwa sababu hakuamini kwamba mtu anaweza kwenda mahali akakuta kila kitu. Unaposhuka Ujiji unaliona jambo moja mara moja: huu si mji kama Kigoma. Kigoma mjini ni mji wa reli na bandari. Ujiji ni mji wa baraza. Nyumba ndefu za chini zimepangana mitaani, wazee wa kofia wamekaa nje, wanawake wa baibui wanapita, miembe na michikichi imesimama kati ya nyumba. Ungefumba macho ukasikiliza Kiswahili chao, ungedhani uko mahali fulani pwani, mpaka upepo ukuletee harufu ya dagaa wa ziwani.

Na kwa kweli ni pwani iliyohamia bara. Kabla ya katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wameshafika hapa kwa njia ya Tabora. Waliwakuta Waha na Wajiji wenye soko lao, samaki wao, mawese yao, na chumvi iliyotoka Uvinza. Wakaongeza nguo, shanga na bunduki, wakatafuta pembe za ndovu na watu. Burton na Speke walipofika Februari 1858, mmoja akiwa mgonjwa hoi na mwingine macho yake hayaoni vizuri, waliukuta mji unaojua kupokea wageni. Mzungu anaitwa mgunduzi wa ziwa, lakini aliyemfikisha ziwani alikuwa anajua njia, na mjini palikuwa na nyumba ya kumweka.

Mji huo uliendelea kukua mpaka Wajerumani walipoleta reli. Mwaka 1914 treni ilifika Kigoma, siyo Ujiji, kwa sababu ghuba ya Kigoma ina kina kizuri cha kutia nanga. Biashara ikahama kilomita chache tu, lakini kwa mji kilomita chache zinatosha. Ujiji ikabaki na misikiti yake, baraza zake, na jina lake kwenye vitabu vya watu wengine.

Gesti tuliyofikia ilikuwa ya kawaida: ua wa ndani, vyumba vinane au tisa, neti safi, ndoo ya maji, mwembe katikati na viti vya plastiki chini yake. Dada wa mapokezi alimsalimu bibi kwa heshima, shikamoo kwa magoti, halafu akaniangalia. "Bibi, huyu ni nani wako?"

"Mume wangu," bibi akajibu. "Amenileta fungate."

Yule dada alicheka mpaka akakaa. Basi gesti ikawa imeshakuwa halali.

Akaleta daftari. Kama umelala gesti yoyote mkoani unalijua: daftari refu limepigwa mistari kwa rula. Jina. Kabila. Kazi. Unakotoka. Unakokwenda. Sababu ya safari. Sahihi. Nikajaza ya kwangu, halafu nikaanza ya bibi. Jina niliandika. Nilipofika kwenye kabila nikamuuliza, kwa mazoea tu, huku kalamu ikiwa imeshaanza kuandika Muha.

"Usiandike hivyo," akasema.

"Niandikeje?"

Akanyamaza kidogo. "Andika Mtanzania. Si ndivyo Nyerere alivyosema?"

Nikaandika Mtanzania. Kwenye sababu ya safari tukakwama tena, maana yeye alitaka niandike "kusalimia", na mimi nikamwambia hatujui mtu wa kumsalimia. Tukaiacha wazi.

Alasiri tulikwenda kwenye kumbukumbu ya Livingstone. Ukienda Ujiji utakwenda tu, ndicho kinachowaleta wageni wengi. Pana miembe inayosemwa ni vizazi vya ule mwembe wa 1871, pana jiwe la kumbukumbu lenye ramani ya Afrika na msalaba, na ndani ya jumba la makumbusho kuna sanamu mbili za ukubwa wa mtu, Stanley na Livingstone, wakiamkiana na kofia mikononi. Ziwa lenyewe limerudi nyuma, siku zile maji yalikuwa karibu zaidi.

Kijana wa makumbusho alitueleza vizuri. Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, anatumwa kumtafuta Livingstone. Anaondoka Bagamoyo Machi 1871, anafika Ujiji baada ya zaidi ya miezi saba. Kitabu chake kinasema ilikuwa tarehe 10 Novemba. Wanahistoria wanabishana, maana wote wawili hesabu za siku zilikuwa zimewapotea njiani. Wanabishana pia kama ile salamu maarufu aliitamka kweli au aliitunga baadaye, kwa kuwa ukurasa wa siku hiyo umechanwa kwenye shajara yake. Nilipolisikia hilo nilitabasamu. Ni mwandishi wa habari mwenzangu, najua jinsi nukuu nzuri inavyoweza kumjia mtu akiwa amesharudi mezani.

Bibi alizizunguka zile sanamu mara moja, polepole. Kisha akamuuliza yule kijana: "Hawa wametoka Bagamoyo?"

"Huyu mmoja, ndiyo bibi."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu, na punda kidogo."

"Mbona hana hata begi?"

Kijana akacheka, mimi nikacheka, bibi hakucheka. Alikuwa anauliza. Na ukweli ni kwamba mabegi yalikuwepo, mizigo mingi ya nguo, shanga, nyaya, mahema na hata sufuria, na chini ya kila mzigo palikuwa na mtu. Stanley aliingia Ujiji kwa milio ya bunduki, bendera ya Marekani ikitangulia mikononi mwa kirangozi. Mtu wa kwanza kumkimbilia na kumwamkia kwa Kiingereza hakuwa Livingstone, walikuwa ni watumishi wake, Susi akiwa mmoja wao. Ni huyo Susi, pamoja na Chuma na wenzao, ambaye mwaka mmoja na nusu hivi baadaye Livingstone alipofariki kwa Chitambo, Mei 1873, aliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo.

Kuna mwingine ambaye namwona anastahili sanamu kabisa. Kiongozi wa walinzi wa Stanley aliitwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao, aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akapata uhuru wake na kurudi Afrika. Ujiji alifika mwaka 1858 na Burton na Speke. Akafika tena 1871 na Stanley. Akafika mara ya tatu 1874 na Cameron, halafu akaendelea naye mpaka bahari ya Atlantiki. Mara tatu kwa miguu kutoka pwani! Wale Wazungu kila mmoja anakumbukwa kwa kufika. Bombay alikuwa akifika, anarudi, na kufika tena.

Halafu kuna jambo ambalo sikulijua mpaka nilipoanza kusoma kwa ajili ya safari hii. Baada ya kukutana, Livingstone na Stanley hawakukaa tu barazani. Katikati ya Novemba walipanda mtumbwi wakaenda kaskazini mwa ziwa, siku 28 kwenda na kurudi, kuangalia kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia. Lilikuwa swali kubwa la chanzo cha Nile. Wakakuta unaingia, kwa hiyo Tanganyika haikuwa mama wa Nile. Livingstone mwenyewe, mtu aliyekuwa ameteseka miaka, aliiita safari hiyo kwa neno ambalo kwa Kiswahili tungesema mandari. Mandari ya ziwani. Walikuwa na chakula, mpishi, hema, na jioni wanapika ufukweni. Yaani wikiendi ya mapumziko Ujiji, ile ninayowauzia wasomaji wangu, ina zaidi ya miaka 150.

Lakini mtumbwi ule ulichongwa kwa gogo la mvule wa Ugoma, ng'ambo ya ziwa, na uliendeshwa na wapiga kasia zaidi ya 10. Kwao hao ilikuwa kazi. Mimi sioni kama Livingstone alikosea kupumzika. Alikuwa mgonjwa, na miezi michache tu nyuma, Julai 1871, alikuwa sokoni Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ya Manyema. Pale aliona watu wa wafanyabiashara wa pwani wakifyatua risasi katikati ya soko lililojaa wanawake. Mamia waliuawa kwa risasi au wakazama mtoni wakikimbia. Hakuweza kukaa tena Manyema baada ya hapo. Akarudi Ujiji akiwa mifupa mitupu, na ndipo Stanley akamkuta.

Niliyasoma hayo kwa sauti kwenye simu jioni, tumekaa chini ya mwembe wa gesti, sahani za migebuka na ugali wa muhogo zikiwa zimeshaondolewa. Nilikuwa namfasiria bibi. Nilipotaja Manyema akaniambia nirudie.

Nikarudia.

"Bibi yangu mimi alitoka huko," akasema.

Nina miaka thelathini na kitu. Nimekulia mikononi mwa mwanamke huyu. Sikuwahi kulisikia neno hilo kutoka mdomoni mwake.

Si kwamba ni jambo geni hapa. Wamanyema ni watu wa Ujiji, na hata Kariakoo kuna Msikiti wa Manyema. Walikuja katika karne ile ya misafara, na hawakuja kwa njia moja. Wapo waliokuja kama wapagazi, wapo waliokuja na bunduki wakiwafuata matajiri, wapo walioolewa, na wapo wengi walioletwa. Walikuja wa makabila mengi ya upande ule, Ujiji ikawapa jina moja. Baada ya kizazi kimoja au viwili ukawa ni ukoo na heshima, na swali la nani alikuja vipi likawa swali ambalo mtu mwenye adabu haulizi. Utumwa Tanganyika ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922, na Waingereza. Si zamani sana. Bibi wa bibi yangu, kwa hesabu zetu, alikuwa hai na mtu mzima.

Nilimuuliza alikuja vipi.

"Alikuja kwa maji," bibi akasema. "Alikuwa mtoto. Alikuwa anasema alivuka ziwa usiku, na kulikuwa na mtu anaimba kwenye mtumbwi, na yeye alilala. Basi. Ndiyo aliyotuambia. Ukimuuliza zaidi anakutuma maji."

"Alikuja na nani?"

"Na watu."

Sikuuliza tena. Kazini kwangu ningeuliza. Ningesema "watu gani?", ningemsogezea kinasa sauti. Lakini pale nilikuwa mjukuu, na nilielewa kwamba hilo "na watu" lilikuwa limetunzwa hivyo hivyo kwa vizazi vitatu, na mwenye kulitunza alikuwa anajua anachofanya. Nilifikiria tu mtumbwi wa mvule kutoka ng'ambo, umebeba mtoto aliyelala, na mtumbwi mwingine wa mvule huo huo umebeba mandari. Sijui vilipishana miaka mingapi. Ziwa lilikuwa moja.

Bibi akasema alipoolewa Mwandiga, mkwe wake alimshauri asiseme sana habari za Ujiji. Akawa Muha kama wenzake. Lugha akajua, watoto wakazaliwa, ikaisha. Ujiji akawa anakwenda kuzika, analia, anarudi jioni ile ile. "Sijalala Ujiji tangu nimeolewa," akasema, kisha akacheka. "Mpaka mume wangu mwingine kanileta."

Jumapili asubuhi tulishuka ufukweni. Wavuvi wa usiku walikuwa wameshatoka, dagaa wameanikwa, watoto wanaoga. Milima ya Kongo ilionekana vizuri, kama mtu ukiamua unaweza kuifika kabla ya chakula cha mchana. Bibi alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akavua ndala, akaweka miguu kwenye maji. Hakusema neno lolote la maana. Alisema maji ni ya baridi. Alisema dagaa hawa ni wadogo kuliko wa zamani. Tulikaa karibu saa mbili, na nilipomuuliza kama amechoka akasema, "Si ulisema tumekuja kupumzika? Niache nipumzike."

Sasa kazi yangu inataka niandike ushauri, kwa hiyo naandika. Nenda Ujiji. Treni ya Reli ya Kati inakufikisha Kigoma, na pale kituoni ukishuka angalia jengo lenyewe, limesimama tangu enzi ya Wajerumani. Wakikuonyesha ile nyumba inayosemwa ilijengwa kwa ajili ya Kaisari Wilhelm, iangalie pia: mgeni wake hakuja kamwe. Lala gesti ya kawaida yenye ua na mwembe. Kula migebuka ya siku hiyo. Nenda kwenye makumbusho, uzione zile sanamu, uulize mabegi yako wapi. Halafu kaa barazani na umsikilize mtu, ukiweza umpeleke mtu wako mwenyewe, aliye mzee, kabla hajachelewa. Usiende na maswali mengi.

Wakati wa kuondoka, bibi alimwomba dada wa mapokezi lile daftari. Akaninyooshea kidole penye nafasi tuliyoiacha wazi. Kwenye kabila hakugusa, Mtanzania akabaki Mtanzania. Kwenye sababu ya safari akaniambia niandike: kutembea.

Tulifika Mwandiga mchana wa jua kali. Jirani yetu alikuwa uani anaanika muhogo. Alipomwona bibi na kikapu chake na khanga yake mpya, akaacha kazi, akaja haraka akimshika mikono.

"Pole mama, pole sana. Nimesikia ulikuwa Ujiji. Nani kafa?"

"Hajafa mtu," bibi akasema. "Nilikwenda kupumzika."

Jirani akamtazama, akanitazama mimi, akasubiri aelezwe vizuri. Bibi alikuwa ameshaingia ndani.